Sijambo Kutoka Nyuma ya Pazia

Wiki tatu baada ya kustaafu, wenzangu walinifanyia sherehe ya kuniaga katika ukumbi mmoja wa Iyunga, hapa Mbeya. Kulikuwa na pilau, keki, na skrini kubwa ukutani ambayo nilidhani imeachwa na watu wa harusi ya jana yake. Kumbe ilikuwa yangu. Taa zilizimwa, nikajiona mwenyewe ukutani, mrefu kuliko mlango, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, namwinua mtoto mchanga anayelia. Halafu yule mimi wa ukutani akageuza shingo kuelekea pazia la bluu, akaita, "Minza, hujambo huko?" Kabla sauti ya nyuma ya pazia haijajibu, ninyi nyote ukumbini, manesi, madaktari, mpaka dereva wa gari la wagonjwa, mkajibu kwa pamoja, "Sijambo, sista!" Mkacheka, mkapiga makofi.

Wadogo zangu, mliniona nikiinuka na kutoka nje. Wengine mlisema sista kashikwa na machozi ya furaha. Tumaini, ambaye sasa ndiye mkuu wenu wa leba, alinifuata na kitambaa, nikamwambia nimezidiwa na joto. Ilikuwa Julai, Iyunga, watu wamevaa makoti ndani ya ukumbi. Tumaini hakuuliza la pili. Katika watu wote waliokuwa mle ndani, yeye na mimi tu ndio tuliokuwepo siku video ile ilipopigwa, na nilipomtazama pale mlangoni niliona naye hakuwa amecheka.

Mmeniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi mziweke kwenye chumba cha wanafunzi. Nimekubali, ila mjue naandika nimesimama. Karatasi ziko juu ya meza ya kupigia pasi, hapa nyumbani Ilomba, kwa sababu tangu nistaafu nikikaa dakika tano nainuka, naenda kuangalia birika ambalo sijalibandika, narudi. Habari za vyeo na uhamisho wa kunipandisha sitaandika, hazijawahi kumzalisha mtu. Nataka kuandika muda wa saa moja tu, wa asubuhi moja kule Usangu, lakini siwezi kuifikia bila kuanzia Iringa.

Iringa ndiko nilikoanzia kazi, katika hospitali moja ya wilaya ambako ukifua gauni jioni unalikuta asubuhi limekakamaa kwa baridi. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, baridi naijua, lakini ile ilikuwa na kiburi. Aliyenipokea wodini alikuwa Mama Sekinyaga, mkunga wa Kihehe, mfupi, mwenye sweta la kiume juu ya sare na saa ya kubandika kifuani iliyotangulia dakika saba. Nilipomwambia saa yake inakimbia akasema anajua, anapenda kufika kabla ya matatizo.

Siku ya kwanza nilitegemea anipe vifaa. Akanituma tu nikawaulize akina mama waliojifungua alfajiri ile kama hawajambo. Walikuwa watatu. Wa kwanza akasema hajambo. Wa pili akasema hajambo, tena akaniuliza habari za nyumbani kwetu. Wa tatu akasema anamshukuru Mungu. Nikarudi kwa Mama Sekinyaga nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani, nikamwambia wote wazima.

Akanishika kiganja, akanipeleka mpaka kitanda cha pili, akauingiza mkono wangu chini ya blanketi. Kulikuwa na majimaji ya uvuguvugu. Nilipoutoa mkono ulikuwa mwekundu mpaka kwenye saa. Yule mama bado alikuwa anatabasamu, anasubiri nimjibu habari za nyumbani.

"Huyu ndiye hajambo wako," alisema Mama Sekinyaga, huku mkono wake mwingine umeshaanza kusugua tumbo la yule mama. "Mwanangu, umemsalimia, naye ni mtu aliyelelewa, amekujibu salamu. Hapa mtu anaweza kukata roho na bado akakwambia hajambo, kwa sababu ndivyo salamu inavyojibiwa. Ukitaka kusalimia, salimia. Ukitaka kujua hali, funua."

Yule mama alipona. Nilipomaliza kunawa, Mama Sekinyaga alinifundisha ile kanuni ambayo ninyi mmeichoka: katika saa ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, kila robo saa, mkono chini ya kitovu. Tumbo la uzazi liwe gumu kama kiazi mbatata kibichi. Likiwa laini, lisugue, ita mtu, usitoke. Halafu funua khanga uangalie kwa macho yako. Kanuni yenyewe haina ujanja wowote, ndiyo maana ni rahisi kuiruka.

Jambo jingine la wodi yake lilikuwa mapazia. Yalikuwepo, ya kijani, lakini alikuwa ameyafunga mafundo, yakaning'inia juu kama vitunguu jikoni. Mkaguzi mmoja alipomuuliza kuhusu heshima ya wagonjwa, alimjibu kwamba heshima ya mama iko kwenye khanga yake mwenyewe aliyojifunika, na kwamba yeye akisimama katikati ya wodi anataka kuona nyuso zote na miguu yote. Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka, mafundo yakabaki. Nilikaa naye miaka sita. Nilipohamishwa alinipa fetoskopu yake ya mti, ile ya kuweka sikio usikilize moyo wa mtoto. Ninayo hapa mezani, nimeikalisha juu ya karatasi zisipeperuke.

Nilizunguka vituo kadhaa, mwishowe nikapelekwa kituo cha afya kimoja nje kidogo ya Rujewa. Ukitoka milimani kwenda Usangu unaona kama umevuliwa blanketi. Joto, vumbi la mashine za mpunga, ng'ombe wanaopita barabarani bila haraka. Nusu ya mama zangu walikuwa wa familia za Wasukuma waliokuja na mifugo yao miaka mingi iliyopita, na hao walinifundisha kazi upya, kwa sababu hawapigi kelele. Wapo wanaopiga, watu ni watu, lakini wengi wao waliofika pale walikuwa wamefundishwa na mama zao kwamba uchungu ni wa kwako, usiwatwishe wengine. Mmoja alishuka kwenye bodaboda, akapiga goti akatusalimia wote mmoja mmoja, akatoa kadi ya kliniki, akauliza kwa upole amlaze wapi mtoto, maana kichwa kimeshatoka. Tulimzalisha kwenye benchi la mapokezi, na dereva wa bodaboda alikataa kurudi kituoni kwetu kwa muda mrefu.

Kwa hiyo nilijifunza maneno machache ya Kisukuma. Salamu ya asubuhi, mwangaluka. Asante, wabeja. Na neno moja nililoona ni lazima kila nesi alijue, mininga, yaani damu.

Hapo ndipo televisheni ilipoingia. Mfadhili mmoja alituletea TV ya inchi nyingi na king'amuzi, ikafungwa kwenye nyumba ya kusubiria, pale wanapokaa wajawazito wanaotoka mbali katika wiki zao za mwisho. Wengi walikuwa hawana la kufanya zaidi ya kusuka na kuhesabu siku, kwa hiyo ilikuwa neema. Walichokipenda kuliko habari na kuliko kwaya kilikuwa kile kipindi cha wanawake wanaojifungua kwelikweli, siyo maigizo.

Nilikuwa napita, nasimama mlangoni, naangalia kidogo, naondoka, narudi. Kila kipindi kilikwenda hivi. Chupa inampasukia mama mahali pa ajabu, sokoni au kwenye harusi ya shoga yake. Mume anakimbia kwenye gari, anasahau funguo, anarudi, anamsahau mke. Mama analazwa chali, anapiga kelele, anamtukana mume. Daktari anaingia dakika ya mwisho. Mtoto anatoka ameshaoga. Analia, muziki unaingia, bibi anafuta machozi, majina ya watengenezaji yanapita. Nusu saa, pamoja na matangazo ya sabuni.

"Kondo liko wapi?" niliuliza siku moja.

"Sista jamani, acha tuone," walinijibu.

Lakini niliuliza kwa dhati. Katika vipindi vyote nilivyoviona pale mlangoni, kondo la nyuma halikuwahi kuzaliwa. Hakuna aliyebonyeza tumbo, hakuna aliyehesabu vitambaa, hakuna aliyeshonwa. Mtoto akilia, kila mtu amemaliza kazi. Kwangu mimi mtoto akilia ndipo saa ya kuogopa inaanza, na saa hiyo hawakuwahi kuionyesha hata dakika moja. Sielewi mpaka leo mtu anawezaje kupeleka kamera kwenye uzazi halafu akazima mapema vile.

Matokeo yakaanza kuonekana leba. Unamwambia mama atembee uchungu ushuke, anakwambia, "Sista, kwenye TV wanalala." Waume wakaanza kusimama dirishani na simu. Msichana mmoja aliomba radhi kwa kuwa uchungu wake ulichukua siku nzima, alidhani anatuchelewesha. Hayo tuliyarekebisha kwa maneno. Ambacho sikukiona ni kwamba kile kipindi kilikuwa kinanifundisha na mimi, pale mlangoni nilipokuwa nakicheka.

Kisha wakaja wenyewe. Kampuni ya vipindi kutoka Dar es Salaam ilikuwa inatafuta kituo cha bara, wakaletwa kwetu na vibali vyote. Walikuwa vijana wanne na mtayarishaji wao, binti mmoja mpole aliyeitwa Joyce. Joyce alinipa shikamoo kila aliponiona, hata kama ni mara kumi kwa siku. Siku ya pili akaniambia, "Mama, wewe una sura ya TV."

Niseme ukweli wote. Nilikuwa sijawahi kuambiwa nina sura ya kitu chochote. Jumamosi ile nilikwenda saluni Rujewa mjini nikasuka. Nikanunua raba nyeupe. Gauni nililipiga pasi mara mbili. Tumaini, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuoni, alinitazama asubuhi akasema, "Sista, leo umetoka." Nikamwambia aache mambo yake, lakini nilipita mbele ya kioo cha chumba cha dawa mara tatu.

Siku hiyo kulikuwa na mama wawili leba. Mmoja aliitwa Hepi, mke wa fundi wa mashine ya mpunga, mimba ya tatu, mchangamfu, amesaini karatasi ya ridhaa kabla hajamaliza kuisoma. Mwingine alikuwa Minza, binti wa miaka ishirini, mimba ya kwanza, amekuja na mama mkwe wake kutoka kwenye mashamba ya mpunga. Joyce alimweleza habari ya kamera taratibu, akamwambia ana haki ya kukataa. Minza akatikisa kichwa, akakataa.

"Hakuna shida kabisa," Joyce akasema. "Tunaheshimu."

Na kweli waliheshimu. Walitoa kwenye gari lao pazia la bluu, zito, linalofika sakafuni, wakafunga kamba ya nailoni kutoka dirishani mpaka kwenye mlingoti wa dripu, wakalitundika kati ya vitanda viwili. Mimi mwenyewe nilishika upande mmoja wa kamba. Ilikuwa haki ya Minza asionekane na watu asiowajua. Lakini nilipofunga lile fundo la kamba sikukumbuka hata kidogo mafundo ya Mama Sekinyaga.

Minza alijifungua saa nne asubuhi. Mtoto wa kike, mzima. Hakutoa sauti, alishika tu reli ya kitanda, akauma ncha ya khanga. Kondo lilitoka, nikalikagua, limekamilika. Sindano ya kuzuia damu nilimchoma, tumbo lilikuwa gumu. Nilipotoka upande wa pili Joyce aliniuliza kwa mshangao, "Ameshajifungua? Mbona hatukusikia kitu?" Halafu akasema, siyo kwa ubaya, kama fundi anayepima mbao, "Hata angekubali isingetufaa. Haina sauti."

Hepi alikuwa na sauti. Aliwaita wajomba zake wote kwa majina, akamwapia mume wake kwamba huyu ndiye wa mwisho, akaniita mama, akaniita muuaji. Vijana wa kamera walikuwa wanafurahi kama watu wanaovuna. Chumba kilikuwa na giza kidogo kwa sababu pazia liliziba dirisha, kwa hiyo Tumaini alipewa ubao wa kung'aa aushike, uurudishe mwanga usoni kwa Hepi. Yaani manesi tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa ameshika ubao. Mimi ndiye niliyemwambia aushike.

Robo saa ya kwanza nilikwenda nyuma ya pazia, nikaweka mkono. Gumu. Robo saa ya pili nilikwenda. Gumu. Robo saa ya tatu Hepi alikuwa anasukuma, kamera iko begani kwangu, nami sikutaka kutoka kwenye picha. Nikaita, "Minza, hujambo?" Akajibu, "Sijambo, sista." Nikamwambia Tumaini anikumbushe niandike kwenye chati kwamba nimemwona.

Mtoto wa Hepi akazaliwa. Nikamwinua, akalia. Joyce akanikaribia kwa unyenyekevu. "Mama, samahani sana, mwanga ulikatika. Tunaweza kurudia pale unapomwinua?" Tukarudia. Mtoto akapiga chafya badala ya kulia. Tukarudia tena. Ile mliyoiona Iyunga, kwenye skrini, ni ya tatu. Mtoto analia kwa sababu alikuwa anasikia baridi, na mimi natabasamu kwa sababu nilikuwa nimeshalifanyia mazoezi lile tabasamu. Hapo ndipo nikageuza shingo vizuri, upande ambao kamera inaona uso, nikaita, "Minza, hujambo huko?"

"Sijambo, sista."

Ile sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya kwanza. Kwenye video hamwezi kujua, kwa sababu fundi wa sauti aliipandisha baadaye ili isikike.

Mama mkwe wake Minza aliingia kwa mlango wa nyuma na chupa ya uji. Alikwenda nyuma ya pazia, akatoka. Akaja akasimama pembeni yetu, chupa mkononi, kimya. Kijana wa kamera akamwambia, "Mama, sogea kidogo, unaziba." Akasogea. Nilimwona kwa pembe ya jicho, nikadhani anataka maji ya moto. Kamera ikageuka, akaambiwa asogee tena, akasogea. Mimi nilikuwa naeleza mbele ya kamera jinsi ninavyoipenda kazi yangu. Nilipomaliza sentensi yule mama akapiga goti kidogo, kama mtu anayesalimia, akasema neno moja kwa sauti ya chini.

"Mininga."

Nikaangalia kandambili zake. Zilikuwa zimeacha alama sakafuni, kutoka kwenye pazia mpaka pale aliposimama, na kila mahali aliposogezwa.

Nyuma ya pazia damu ilikuwa imejaa kwenye mpira wa kutandika, inadondoka upande wa ukutani ambako hakuna mtu angeweza kuiona. Minza alikuwa ameegemea mto, midomo myeupe, amemshika mtoto juu kabisa kifuani, karibu na shingo, asilowe. Aliponiona akajitahidi kuinua kichwa. Akaniambia, "Pole na kazi, sista."

Niliweka mkono tumboni. Lilikuwa laini kama tandiko.

Yaliyofuata mnayajua, nimewafundisha mpaka mkachoka. Tumaini alitupa ule ubao, akaja na dripu mbili. Mkono mmoja ndani, ngumi, mwingine juu ya tumbo, bana, usiachie. Joyce mwenyewe ndiye aliyezima kamera, na gari lao ndilo lililotutangulia kwenye barabara kuu likitufungulia njia, sina neno baya juu yao. Tumaini alibaki na Hepi. Kutoka Igawa mpaka Uyole nilikuwa nimepiga magoti ndani ya gari la wagonjwa na mkono wangu ndani ya mwili wa binti yule, ukafa ganzi, sikuuona kama ni wangu. Mama mkwe alikaa pembeni na mtoto. Hospitali ya Mbeya mjini wakampasua, wakafunga kila walichoweza, mwishowe wakatoa mfuko wa uzazi. Minza akapona. Alikuwa na miaka ishirini na hatazaa tena.

Niliandika ripoti. Niliandika kwamba mgonjwa alitokwa damu ghafla. Neno hilo ni langu, niliandika kwa mkono wangu. Haikuwa ghafla. Ilikuwa ya taratibu, ya robo saa nzima na zaidi, nikiwa hatua nne kutoka pale alipolala. Tumaini aliisoma ripoti, akasaini chini ya jina langu, akaniachia kalamu mezani bila kunitazama. Nilimfundisha na hilo.

Kipindi kikaonyeshwa. Kilikwisha pale mtoto wa Hepi alipolia, muziki ukaingia. Ile "Sijambo, sista" waliiacha kwa sababu ilichekesha, na watu wakaipenda kuliko kitu kingine chochote. Ikazunguka kwenye simu. Nilihamishiwa Mbeya, nikawafundisha wengi wenu, na mlipokuwa mnaniitikia hivyo korido nzima nilikuwa natabasamu lile tabasamu langu la mara ya tatu. Mliniita Robo Saa kwa jinsi nilivyowakimbiza na mikono yenu kwenye matumbo ya watu. Mlikuwa mnavuta mapazia yenu vizuri na mimi napita nayafunga mafundo. Mkadhani ni ukali wa uzee.

Jumatatu baada ya sherehe nilishindwa kukaa ndani. Nilifagia uwanja mara mbili, nikaoga, nikapanda basi la Rujewa. Nilikuwa nimejua miaka yote mahali alipo Minza. Nyumba ya bati karibu na mfereji, mpunga umeanikwa kwenye turubai, mama mkwe anachambua mawe kwenye ungo. Mume alioa mke mwingine miaka miwili baada ya lile jambo, akahamia kwa huyo. Mama mkwe alibaki na Minza. Yule mtoto wa kike yuko darasa la tatu, mrefu, alinipa shikamoo akarudi kufukuza kuku kwenye mpunga.

"Hujambo, Minza?" Neno lilinitoka kabla sijalizuia.

"Sijambo, sista. Pole na safari."

Akaniletea kigoda. Nikakataa, nikamwambia nitasimama. Nikamweleza yote niliyowaandikia hapa, chati, raba nyeupe, kurudia mara tatu, neno ghafla. Nilimwambia nimemkosea mimi, siyo kamera wala Mungu. Nikamwambia nataka kuandika, ili wasichana wanaoanza kazi wajue kilichokuwa nyuma ya pazia, na kwamba safari hii namwomba ruhusa kwanza. Alisikiliza huku anageuza mpunga kwa mguu. Akasema niandike, na jina lake niliweke, kwa kuwa kwenye TV wameshalitaja bila kumuuliza.

Nilimuuliza swali moja tu. Kwa nini mara zote mbili alinijibu hajambo?

Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo.

"Ya kwanza ulinisalimia," alisema. "Ya pili nilitaka kukwambia. Lakini ulikuwa na wageni, sista. Nikasema ngoja nimsubiri amalize."

Mama mkwe aliacha kuchambua. Kuku walirudi kwenye mpunga na hakuna aliyewafukuza. Nilikuwa bado nimesimama, mkoba begani, sijui niende upande gani.

Minza akakisogeza kile kigoda tena, karibu na miguu yangu.

"Leo umekuja na wageni?"

"Hapana," nikasema. "Nimekuja peke yangu."

"Basi kaa, nikwambie hali yangu."

Nikakaa.